Midomo Miwili kwenye Chumba cha Mayai

Chumba cha mayai hakina dirisha. Ukiingia mara ya kwanza unahisi umerudi tumboni kwa mama yako. Joto linakukumbatia, hewa ina unyevu wa pumzi, taa ni moja tu ya njano, na makabati ya kutotoleshea yamejipanga ukutani yananguruma kidogo kidogo kama paka walioshiba. Pembeni kuna kiti cha plastiki. Ukikikalia bila kujikaza, umekwenda. Na hapo usijilaumu kwa uvivu, chumba chenyewe ndicho kinakubembeleza.

Vitufe alikuwa amelala kwenye kiti kile mara nyingi kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Jina hilo alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ndiye mwenye kituo cha vifaranga. Siku Vitufe alipoleta programu ya kuongozea kazi ya chumba, aliyoiandika mwenyewe, wifi aliikodolea macho skrini. Ilijaa vitufe vya rangi. Kabati likitaka mayai yageuzwe, kitufe chake kinakuwa kijani. Yakitakiwa kuachwa, njano. Joto likizidi, chekundu. Maji yakipungua, bluu.

"Wifi, hii ni programu au umeniletea duka la shanga?"

Basi, likaganda. Akawa Vitufe kwa kila mtu, hata kwa mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, anayeonekana nyumbani kama mvua ya kiangazi.

Hakuna chuo kilichomfundisha. Alijifunza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kwa video za watu wanaoongea mbio kama wamekimbizwa, kwa kujaribu na kuharibu. Mtu aliyejifundisha ana raha moja: hakuna wa kumwambia "hivi sivyo." Ana balaa moja pia, nayo ni hiyohiyo.

Lakini chumba kilikuwa cha Mama. Mama mkwe wake, mama mzazi wa wifi, mwanamke mfupi mwenye aproni ya khaki inayoning'inia kwenye msumari mlangoni akishaondoka. Aproni ikiwa msumarini, kila mtu anajua chumba hakina mwenyewe. Kazi yake ukiieleza inaonekana ndogo. Kuku akiatamia hugeuza mayai yake mwenyewe kwa mdomo. Humu hamna kuku. Pembeni mwa kila kabati kuna mkono wa chuma, ukiuvuta trei zote zinalalia upande wa pili. Usipovuta, kifaranga kinang'ang'ania ganda na kufia humo. Ila siku tatu kabla ya kutoka, mayai yanahamishiwa trei za chini, yanalazwa, na hayageuzwi tena, maana kila kifaranga kimeshajipanga kichwa chake kitokee wapi. Kuvuta, na kujua lini uache kuvuta. Ndiyo kazi. Mama aliifanya tangu makabati yakiwa ya mbao na yakipashwa joto kwa taa za mafuta.

Kisha macho yakaanza kumfifia.

Hakumwambia mtu. Ukungu ulianzia katikati ya kila kitu alichokitazama. Pembeni aliona, katikati hapana, kama mtu aliyeweka kidole kwenye kila picha. Vitufe aligundua kwa sababu Mama alianza kuisogelea skrini mpaka pua inagusa kioo.

"Mama, unainusa?"

"Naisalimia, mwanangu. Siku hizi haisikii ukiwa mbali."

Wakacheka. Siri ikabaki baina yao, ikakaa kidogo, halafu ikafa kama siri zote. Wifi alimkuta mama yake akimimina maji pembeni mwa sinia la maji la kabati, yanatiririka sakafuni kuelekea kwenye nyaya, na yeye anaendelea kumimina huku anaimba.

Siku hiyo wifi hakupiga kelele, na hapo ndipo Vitufe alipoogopa. Alimwita Vitufe ofisini, kachumba kenye meza moja na maboksi ya kadibodi ya kubebea vifaranga hadi darini.

"Wifi, tuongee kama watu wazima. Mama apumzike."

"Apumzike wapi?"

"Nyumbani! Akae, apikiwe, asikilize redio. Kuna ubaya gani?"

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Nyaya zile zingemrusha, ungeniuliza wewe kama nilimuuliza?" Sauti ilimkatika kidogo. Akakohoa ili ionekane ni vumbi la maboksi. "Haoni, wifi. Na kazi ya chumba siku hizi ni kuangalia hayo marangirangi yako."

Hilo lilimchoma Vitufe, maana lilikuwa kweli. Kabla ya programu, Mama aliifanya kazi kwa kichwa na kwa vidole. Marangirangi ndiyo yaliyomfanya ahitaji macho.

"Basi nitaifanya iongee," Vitufe akasema. "Badala ya kuangalia, atasikiliza. Na sinia tutaliwekea mrija, asimimine tena."

Wifi akasogeza boksi moja. "Kundi hili likishatotoka, naamua. Akikosea kitu, aproni naishusha mwenyewe. Na usinililie."

Ndivyo jambo lilivyokaa: Mama abaki na chumba chake, au akakalishwe kwenye kochi na redio.

Mchana ule Vitufe alikaa kwenye kiti cha plastiki, kompyuta mapajani, na chumba kikamfanyia mambo yake. Akaota yuko kwenye nyumba ndefu yenye milango mingi iliyopakwa rangi. Anamuuliza mtu asiyemwona, "Nani amelala humu?" Anajibiwa, "Angalia rangi ya mlango." Anafika mlango mwingine, hivyohivyo. Akataka kufungua aone watu wenyewe. Hakuna kitasa. Hakuna watu. Ni rangi tu, na nyuma ya rangi ukuta.

Alipoamka alifungua programu yake, na ndoto ikawa imemtangulia humo. Alitaka kuichukua sehemu inayojua kama mayai yageuzwe au yaachwe, aipe mdomo. Hakuipata. Programu yake haikuwa na sehemu inayojua. Kila kitufe kilipiga hesabu zake chenyewe, zikachanganyika na upana wake na rangi yake. Na palipohitajika kukumbuka hali ya kabati, programu ilitazama kitufe: kama ni kijani, basi bado tunageuza. Yaani iliangalia rangi yake yenyewe ili ijue inafikiria nini! Kama mtu anayejitazama kwenye kioo kila asubuhi ili ajue kama ana njaa.

Mtu mwenye akili timamu hapo angebomoa. Vitufe alikuwa na akili timamu, ila hakuwa na subira, na wifi yake alikuwa anahesabu makosa. Akashika njia ya mkato. Alinakili hesabu za vitufe, akazibandika upande wa pili, akazipa sauti. Sasa kulikuwa na skrini yenye akili yake na sauti yenye akili yake, pacha wasiojuana. Lakini siku ya kwanza pacha wote hufanana.

Mama alifurahi mpaka akapiga makofi.

"KABATI LA PILI. GEUZA MAYAI," sauti ikasema.

"Abee!" Mama akaitikia, akauvuta mkono wa chuma kwa madaha. "Huyu naye ni nani, mbona ananitangazia kama basi limefika?"

"Ni kompyuta, Mama."

"Mwambie apunguze maringo. Mimi si abiria."

Mambo yakaenda vizuri. Mama alisikia, akageuza, maji yakapita mrijani, na wifi akawa anachungulia mlangoni na kuondoka. Vitufe akaanza kulala tena usingizi wa amani. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo ile alikuwa ameishona mwenyewe.

Maana kabati la tatu halikuwa na mayai ya kuku. Wifi alikuwa amepata mteja wa bata. Mayai ya bata hayana haraka, hukaa ndani wiki nzima zaidi ya ya kuku, kwa hiyo hata siku ya kuacha kuyageuza inasogea mbele. Wifi, mtu makini, alikwenda kwenye skrini akabadilisha mwenyewe: kabati la tatu, bata. Skrini ikaelewa. Akafunga mlango akaenda kutafuta maboksi makubwa zaidi.

Sauti haikuambiwa kitu. Yenyewe iliendelea kujua kuku tu.

Ilipofika siku ambayo mayai ya kuku yangelazwa, ikatangaza kwa maringo yake yote: "KABATI LA TATU. ACHA KUGEUZA. LAZA MAYAI."

Mama alisita. Alipitisha vidole juu ya mayai. Yalikuwa makubwa, maganda yake laini kama yamepakwa nta. "Haya si ya kuku," alisema peke yake. Lakini alikuwa amemwahidi binti yake kutofanya lolote la kichwa chake. Aliahidi kwa sababu aliitaka aproni yake. Basi akasikiliza. Akayalaza mayai ya bata trei ya chini, moja moja, kwa upole, na akaacha kuyageuza.

Wifi aliyakuta asubuhi iliyofuata.

Vitufe alipofika, aproni haikuwa msumarini, na Mama hakuwa ameivaa. Wifi alikuwa ameikunja mkononi. Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri daktari.

"Mayai ya watu, Mama!" wifi alikuwa anasema. "Skrini hii hapa, kijani kama nyasi, inasema geuza. Wewe unalaza!"

"Niliambiwa nilaze."

"Na nani?"

"Na yule dada wa stendi."

Wifi akageuka taratibu. Vitufe akahisi joto la chumba limempanda shingoni. Kisha, kana kwamba lilikuwa linasubiri hadhira, kabati la tatu likajibu lenyewe. Kwenye skrini kitufe kikawaka kijani: geuza. Na hapohapo sauti ikanena: "KABATI LA TATU. USIGEUZE."

Makabati yakanguruma. Wanawake watatu wakabaki kwenye mwanga ule wa njano, kabati moja, midomo miwili, na kila mdomo unaapa kwamba ndio unaojua.

"Sasa mtu amsikilize nani?" Mama akauliza. Hakuwa anamsuta mtu. Aliuliza kwa kweli, kama mtoto anavyouliza usiku unaenda wapi.

"Ni mimi," Vitufe akasema. "Si Mama. Nilinakili. Umebadilisha huku, kule hakukubadilika."

"Kwa nini kuna huku na kule?" wifi akauliza. "Kituo ni kimoja. Mayai ni hayahaya."

Na hilo, jamani, ndilo swali. Watu wa programu wana majina marefu ya jambo hili, na michoro yenye mishale inayofukuzana. Achana na mishale. Jambo lenyewe ni hili: kinachojua kisichanganywe na kinachoonyesha. Kinachojua kiwe kimoja, kikae mahali pake, hakina rangi, hakina sauti, hakijui hata kama kuna mtu anakitazama. Sura ziwe nyingi upendavyo, lakini zote zikaulize palepale. Vitufe alikuwa ameshasikia hayo kwenye video zake. Aliyaruka, kwa sababu yalimchosha na yeye alitaka kuona vitu vikiwaka.

Wifi alichukua tochi ya kumulikia, akayashika mayai moja moja mbele ya mwanga. Ndani ya kila ganda, kwenye wekundu ule wa machweo, kivuli kilijitikisa. Mawili hayakutikisika. Mengine yote yalikuwa hai.

"Yamepona kwa bahati," akasema. Akaiweka aproni juu ya kabati, siyo msumarini, siyo mkononi. "Sijaamua. Usinishukuru."

Mama akarudisha mayai trei za juu, kwa vidole, bila kugusa hata moja kwa kishindo.

Siku zilizofuata Vitufe alibomoa. Alianza na kilichomuuma zaidi: alizima rangi zote. Akachukua kila kitufe akakinyang'anya hesabu zake, kama mama anayepekua mifuko ya watoto kabla ya kufua. Hiki umekipata wapi? Leta. Na wewe, umeficha nini humo? Sheria ya kuku aliitoa kwenye kitufe kimoja, ya joto kwenye kingine, ya maji ilikuwa imejificha mpaka kwenye saizi ya maandishi. Zote akazipeleka mahali pamoja pasipo na sura. Vitufe vikabaki maganda, vyepesi, havijui kitu, vinapendeza zaidi.

Alipomaliza, skrini ilikuwa nyeusi na sauti imefungwa. Mtu mwingine angedhani hakuna programu tena. Vitufe akakaa karibu na Mama, kwenye boksi, akamwambia, "Uliza."

"Nimuulize nani? Sioni kitu wala sisikii kitu."

"Ndiyo maana. Uliza, mimi nitaandika."

Mama akafikiri. "Kabati la tatu, bata. Wiki yao ya mwisho haijaanza. Tufanye nini?"

Vitufe akaandika. Jibu likarudi, neno moja tupu, halina rangi, halina maringo: geuza.

"Na wa kuku, wamebakiza siku tatu?"

Laza.

"Na umeme ukikatika, ukarudi, na hatujui ulikatika kwa muda gani?"

Hapo programu ikanyamaza, maana hakuna aliyewahi kuifundisha. Vitufe akakuna kichwa. Wakajadiliana, Mama na mkwewe, na wifi aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote akijifanya anahesabu maboksi akaingilia: "Mwambie aite mtu. Asijifanye anajua." Wakaandika hivyo: aite mtu.

Ilikuwa mchana wa ajabu. Kuongea na kitu kisicho na uso, kwenye chumba kisicho na dirisha, na huku viumbe wasioonekana wanajitikisa ndani ya mayai. Vitufe alihisi, kwa mara ya kwanza, kwamba kile alichokiandika kipo. Zamani kilikuwa kwenye rangi tu. Sasa ungeweza kuzima kila kitu na bado kingekuwa kinajua.

Akafungua skrini, ikaenda kuuliza, kijani ikawaka. Akafungua sauti, nayo ikaenda kuuliza palepale. "KABATI LA TATU. GEUZA MAYAI." Wifi akabadilisha kwenye skrini, bata kuwa kuku, makusudi. Papo hapo sauti ikabadilika. Akarudisha bata. Ikarudi. Akafanya tena, uso umemkunjamana, kama mtu anayeng'ata sarafu kuona kama ni halali.

"Sawa," akasema mwishowe. "Lakini huyo dada wa stendi ananiumiza kichwa mpaka ofisini."

"Hata mimi," Mama akadakia haraka. "Simpendi kabisa. Nilimvumilia kwa ajili ya kazi tu."

Vitufe akawatazama. "Mama, si ungesema!"

"Ulikuwa umehangaika, mwanangu. Na mtu hapewi miguu akachagua viatu."

"Unataka nini basi?"

Mama akainua kidole, akagonga ubavu wa kabati. Ko, ko. "Hivi. Agonge kabati lenyewe linalohusika. Mara mbili nigeuze. Mara moja ndefu nilaze. Nitajua limetoka wapi, masikio yangu hayana ukungu."

Zamani ombi hilo lingekuwa wiki za kulia. Vitufe alifungua redio mbovu za kituo, akatoa spika ndogo, akazibandika kila kabati, na kuandika sura ya tatu: inauliza palepale, ikijibiwa geuza, inagonga mara mbili. Sehemu inayojua hata hakuigusa. Chai ya wifi ilikuwa bado ya moto alipomaliza, naye alishangaa kiasi cha kutazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Kundi la bata likafika siku yake. Kabati likagonga ndefu, mara moja. Mama akasikia, akainuka, akayalaza mayai trei za chini, na safari hii vidole vyake na kabati vilikuwa vinasema neno moja. Wakangoja. Wifi alikuwa na shughuli mia, lakini kila moja ilimpitisha kwenye chumba cha mayai.

Vifaranga walipotoka, walitoka kama wanavyotoka siku zote, bila taarifa. Mchana, chumba kimelegea kwa joto, Vitufe anasinzia kwenye kiti. Katika usingizi wake alisikia kugongwa. Ko. Kisha kimya. Ko, ko. Akafikiri kwenye ndoto: nyumba ile ndefu, na sasa kuna watu nyuma ya milango.

Alipofumbua macho, wifi alikuwa amepiga magoti sakafuni, amembandikia Mama aproni, anamfunga kamba mgongoni, kama Mama alivyokuwa akimfunga yeye utotoni, ila sasa mikono ndiyo imebadilishana. Mama alikuwa ameinama, sikio limekaribia kabati la tatu.

Ko, ko.

"Hilo ni yai," Mama akanong'ona, anacheka, "au ni wewe na mashine yako?"

Vitufe akasikiliza. Kusema kweli, hakujua.